Wali Uliosukumwa Upande Wangu

Wewe uliyetoka hospitali leo na karatasi mkononi, kaa kwanza nikusimulie. Hiyo karatasi iweke kando. Najua ilivyo, maana hata mimi nilipewa yangu siku nilipoambiwa nina kisukari, na niliitunza miaka mingi, si kwa faida yake bali kwa hasira. Ilisema asubuhi nile kipande cha jibini, siagi isiyo na mafuta na mkate wa ngano isiyokobolewa. Ilikuwa miaka ile ya foleni. Tanga nzima tulikuwa tunakula unga wa njano, na sabuni ya mche tunakatiana kwa uzi. Jibini niliijua kwa picha. Aliyeandika karatasi ile hakuwa mwovu, alikuwa mvivu tu, na mvivu aliyevaa koti jeupe hudhuru watu wengi kuliko mwovu asiye na koti.

Mimi ni fundi cherehani wa Ngamiani. Nashona magauni ya harusi na sare za skuli, na nimefundisha wasichana wengi kazi hii. Nikimfundisha mtu simpigii kelele. Namwonyesha, anakosea, nafumua, namwonyesha tena. Na wewe nitakufundisha hivyo hivyo, kwa kukuonyesha nilipokosea mimi, ambapo ni pengi.

Ugonjwa wenyewe ulinijia mwaka ambao sukari haikuonekana dukani hata ya dawa. Wifi yangu Rukia, ambaye tunaishi naye nyumba moja, hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Kumbe sukari ya mkoa mzima umeimeza weye," alisema. "Watu wanasaka maghala ya walanguzi bure."

Nilicheka. Mwili wangu ulikuwa umeanza kupungua, nikabana magauni yangu mwenyewe mara mbili, na majirani wakanisifu kwamba narudi usichana. Nilikuwa nakunywa maji mtungi mzima na kuamka kwenda msalani mpaka mlango ukazoea. Kutunga uzi kwenye sindano ikawa kazi ya nusu saa. Watu walisema ni macho ya utu uzima. Watu husema mengi. Kila baraza la Ngamiani lina daktari wake, na hakuna hata mmoja aliyesomea.

Nilimeza vidonge vilipopatikana. Visipopatikana nilimeza maneno ya barazani. Miaka ikaenda, ikaja enzi ya ruksa, maduka yakajaa. Mkate laini, soda, biskuti za kila rangi, na mitumba iliyomwagwa chini kama taka na kununuliwa kama dhahabu. Mitumba ikala nusu ya kazi yangu. Nikabaki na harusi na sare, na hizo zilitaka nikanyage cherehani kutwa nzima. Mguu wangu wa kulia ndio uliokuwa ukikanyaga. Ukumbuke mguu huo, kwa sababu habari hii yote ni habari yake.

Mwisho wa kaskazi mwaka mmoja, nilikanyaga kipande cha sindano iliyovunjikia chini ya cherehani. Sikusikia maumivu. Aliyeona ni mume wangu, Salimu, alipoona damu kwenye kanyagio.

"Umejichoma lini?"

"Sijajichoma."

Akauinua mguu wangu akanionyesha. Kipande kilikuwa kimezama kando ya kidole cha pili, na mimi nilikuwa nimeshona sare nne juu yake. Siku ile niliogopa kwa mara ya kwanza. Wewe ukifika mahali ambapo sindano haikuumi, usijisifu kwamba una ngozi ngumu. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mimi nilikwenda baada ya wiki mbili, kidonda kikiwa na ukubwa wa kifungo cha koti.

Hospitali yetu haikuwa na mtaalamu wa lishe hata mmoja. Alikuwako mmoja bara, kwenye hospitali kubwa, naye kila Alhamisi baada ya saa nane mchana alipiga simu kuongea na wagonjwa wa kisukari wa kwetu. Simu ilikuwa moja, nyeusi, ya kuzungusha namba, ofisini kwa Sista Zaina, muuguzi wa zamu yetu. Sisi tulikaa kwenye benchi nje, tunaitwa mmoja mmoja. Kabla ya kuingia, ulitoa mkojo, na Sista alichukua matone machache, akayatia kwenye dawa ya buluu ndani ya kichupa cha kioo, akakichemsha juu ya moto. Ikibaki buluu, umeshinda. Ikiwa kijani, jitahidi. Njano, ole wako. Ikiwa rangi ya tofali, Sista alikuwa haongei, alikiinua tu dirishani ukione. Changu kilikuwa tofali.

Benchi lile nalidharau mpaka leo, na nilikuwa mmoja wa waliolikalia. Tulikuwa watu kumi hivi, kila mtu na kidonda chake au jicho lake, na kazi yetu kubwa ilikuwa kucheka. Mkuu wetu alikuwa Mzee Athumani, mstaafu wa reli, mtu wa maneno. Yeye ndiye aliyempa mtaalamu yule jina la Daktari wa Waya.

"Mie nimemwambia sili kitu ila dagaa na mchicha," alituambia akitoka ofisini, akijipangusa makombo ya kitumbua kwenye ndevu. "Kaamini. Waya hauna pua."

Tulicheka mpaka Sista akagonga meza.

Zamu yangu ilipofika nilishika mkono wa simu. Sauti ilikuja kwa mbali, kama mtu aliye ndani ya mtungi.

"Shikamoo, mama. Naitwa Felista. Naomba uniambie, mchana unakula nini?"

Lafudhi ya bara kabisa. Nikajisemea, huyu kalelewa kwa ndizi, ataniambia nini mimi kuhusu wali wa nazi?

"Nakula wali."

"Kiasi gani?"

"Kidogo."

"Kidogo ni kiasi gani, mama? Kikombe kimoja? Viwili?"

Mlango ulikuwa wazi na benchi lote lilikuwa limekaza masikio, maana laini ilikuwa mbovu na kila mtu alilazimika kupiga kelele. Nikapaza sauti kuliko ilivyohitajika. "Bibie, huku kwetu kikombe ni cha chai. Wali unaliwa kwa mkono."

Benchi likacheka. Nikaona utamu.

"Sawa," alisema yule wa simu, bila kukasirika. "Na huo mkono unaenda mdomoni mara ngapi?"

"Sijapata kuhesabu matonge. Mie nimelelewa na watu wenye adabu."

Wakacheka zaidi. Akaniambia pole pole mambo yake: wali kikombe kimoja, mboga za majani nyingi, samaki, chai bila sukari, vitumbua niache. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama mtu anavyomwitikia mlevi ili apishe njia. Nilipotoka nilisimama mbele ya benchi kama niko jukwaani. "Mie ni fundi. Mtu akitaka nimpime gauni kwa simu, nitamwambia akapimwe kichwa. Huyu ananipima tumbo kutoka bara."

Nataka ujue kwamba nilikuwa na akili ya kutosha kupata wachekaji kumi kwa Alhamisi moja. Akili ya kuokoa kidole sikuwa nayo.

Lakini usidhani nilimdanganya kama Mzee Athumani. Sukari kwenye chai niliacha. Vitumbua niliacha. Mkate laini niliuacha, nikawa napita mbele ya duka nikiangalia upande wa pili kama mtu anayemkwepa mdai. Na niliposema nakula kidogo nilikuwa naamini. Alhamisi ya pili kichupa kikawa tofali. Ya tatu tofali. Kidonda kikafika ukubwa wa kifuniko cha chupa ya soda na kuanza kunuka. Nilijua kinanuka kwa jinsi wateja walivyosimama mlangoni wakanyoosha mkono kunipa kitambaa kwa mbali.

Salimu ndiye aliyekuwa akikiosha kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye kazi yake ya kutengeneza baiskeli. Alichemsha maji ya chumvi, akayaacha yapoe, akaosha bila kuongea wala kukunja uso. Mume anayeweza kuosha kidonda chako bila kukunja uso, mstahi. Kuna wanaume wengi hodari wa kununua kanga ambao hawawezi hilo.

Masika yalipokolea, kidole cha pili kilikuwa cheusi. Wakakikata. Daktari wa upasuaji, kijana mwenye haraka, alinijia kitandani siku ya tatu akanionyesha kwa kalamu mahali juu ya kifundo cha mguu.

"Sukari isiposhuka, mara nyingine tutakata hapa."

"Mara nyingine lini?"

"Tutaona baada ya miezi mitatu." Akaenda kwa mgonjwa mwingine. Kalamu yake iliacha alama ya wino kwenye ngozi yangu, mstari mdogo, kama ule ninaochora mimi kwa chaki kabla ya mkasi. Nilikaa nauangalia mchana kutwa. Mguu ule ukikatwa hapo, cherehani langu linakuwa meza.

Niliporuhusiwa kurudi nyumbani, nilikuwa natembea kwa fimbo, na mama mkwe wangu, ambaye naye tuliishi nyumba moja, akaanza kunisindikiza Alhamisi. Bi Mwanahamisi, mtu wa Tongoni, mwanamke mdogo kwa kimo na mkubwa kwa kila kitu kingine. Alikaa kwenye benchi na wengine, mkoba magotini.

Siku hiyo kichupa kilikuwa tofali tena. Sista Zaina alimsomea Felista rangi ile kwa simu, kisha akanipa.

"Mama, pole na kidole," alisema. "Leo sitakuuliza kiasi. Nisimulie tu chakula cha jana mchana. Anzia mlipokuwa mnanawa mikono."

Sikuwa na nguvu za kuchekesha. Nikamsimulia. "Tulinawa. Sinia likaja. Mkwe wangu akakaa hapa, wifi yangu hapa, mie hapa. Tukapiga bismillahi, tukala. Nikala upande wangu mpaka nikaiona bati ya sinia."

"Ukaiona bati, ukaacha?"

"Hapana. Palijaa tena."

"Palijaaje?"

Hilo sikuwahi kujiuliza. Aliyejibu ni mama mkwe, kutoka kwenye benchi, kwa sauti ya kufika Pongwe.

"Mie ndiye nilomjazia. Mgonjwa hali akaona bati tupu mbele yake. Tutakuwa watu gani?"

"Nani huyo anayesema?" akauliza Felista.

"Mkwe wangu."

"Kwa chakula kimoja anakujazia mara ngapi?"

Kama wewe si mtu wa pwani, nikueleze. Tunakula sinia moja, kila mtu na upande wake. Unayempenda unamsukumia. Unamegua kipande kizuri cha samaki, unakitupa mbele yake bila kusema neno. Unasogeza wali kwa vidole, kimya kimya, mpaka upande wake uwe mlima. Anayesukumiwa hashukuru na anayesukuma hahesabu. Kuhesabu ni uchoyo. Basi mimi nilikuwa nakula polepole, kidogo kidogo, nikidhani nakula kidogo. Kumbe upande wangu haukuwa na mwisho.

"Sijui," nilimwambia. Na kwa mara ya kwanza benchi halikucheka.

Felista hakusema nimekosea, wala hakunihutubia. Alinipa kazi. Kesho yake mchana niweke bakuli tupu magotini. Nipime wali wangu mwenyewe kikombe kimoja, niuweke upande wangu. Kila nitakachosukumiwa nikitie kwenye bakuli, nisikile wala nisikirudishe. Baada ya chakula nipime kilichomo.

Nilifanya hivyo. Mama mkwe alisukuma, nikatia bakulini. Rukia naye akasukuma, bila hata kuniangalia, akiendelea na umbea wake. Mara kumi na kitu. Tulipomaliza nikachukua kikombe cha bati nikapima mbele yao. Vikombe vitatu na nusu, bila kile changu cha kwanza.

Mama mkwe aliinamia bakuli kama mtu anayeangalia kisima.

"Huo wote ni mie?"

"Na mie kidogo," alisema Rukia, safari hii bila utani.

Ningependa kukuambia kwamba tulikumbatiana. Hatukukumbatiana. Kesho yake mimi, kwa ujinga wa mtu aliyepata jibu, nikaja na sahani yangu mwenyewe, nikajipakulia na kukaa kando. Mama mkwe akarudisha tonge kwenye sinia.

"Kwetu Tongoni anayetengewa chombo ni mwenye ukoma. Weye una ukoma?"

"Nina mguu, mama."

"Kesho atadai uma na kisu," alisema Rukia, na utani wake ulikuwa umerudi mzima mzima.

Mama mkwe akanawa mikono akaondoka. Hakula mchana ule, wala usiku, na siku zilizofuata alishindia chai. Alianza kukunja kanga zake akisema Jumamosi anakwenda kwao, mahali ambapo watu bado wanakula pamoja. Salimu alikaa mlangoni kati ya vyumba viwili, mikono ina grisi.

"Nifanyeje?" aliniuliza. "Nichague mguu wa mke wangu au njaa ya mama yangu?"

Nilimwambia achague mguu. Nilisema kwa sauti, ili mama asikie. Nakuambia haya ili usije ukadhani ugonjwa hufanya watu wawe wema. Hufanya watu wawe wachovu, na mchovu hana adabu.

Alhamisi ilifika kabla ya Jumamosi. Mama mkwe alikuja hospitali, lakini si kunisindikiza. Alikuja kumshitaki yule mwanamke wa bara. Aliingia ofisini mbele yangu, akamnyang'anya Sista mkono wa simu, akaushika mbali kidogo na sikio kama kitu cha moto, akajitaja kwa kelele.

"Shikamoo, bibi," tulisikia sote.

"Marahaba. Weye ndiye unayetenganisha watu na sinia?"

Mzee Athumani alikuwa amenyoosha shingo, anasubiri vita.

"Bibi," ilisema sauti, "kabla hujanigombeza, niambie wali wenu mnaupikaje. Mimi huku sijapata kuula."

Jamani, mwulize mwanamke wa Tongoni swali hilo kama una siku nzima. Alieleza nazi, mbuzi ya kukunia, tui la kwanza na tui la pili, lipi linatangulia, moto wa chini na makaa ya juu. Alieleza mpaka Sista akaangalia saa. Yule mwanamke alisikiliza yote, na akauliza maswali, maswali ya maana, si ya kumpumbaza.

Kisha akasema, "Anayejua kupika hivyo anajua kupima. Mimi niko mbali, bibi, mkono wangu haufiki hapo kwenye sinia. Wako unafika. Sahani iondoeni. Kikombe kimoja cha wali mpimie wewe, umwekee upande wake. Halafu endelea kumsukumia kama kawaida yako. Ila msukumie mchicha, msukumie bamia, msukumie samaki. Wali usisukume."

"Nikimsukumia majani si ataona nimemnyima?"

"Muulize. Si yupo hapo?"

Mama mkwe akanigeukia, simu bado mkononi, benchi lote linatutazama. Macho yake yalikuwa yamevimba kwa njaa na kwa kulia peke yake.

"Utaona nimekunyima?"

"Mama, nishakatwa kimoja," nilimwambia. "Sukuma mchicha."

Akarudi kwenye simu. "Kasema nisukume."

Toka siku ile nilipata mlinzi. Karatasi ya jibini ilikuwa na huruma kuliko yeye. Alipima wali kwa kikombe kile cha bati, akausawazisha juu kwa kidole, na Rukia alipojisahau akasukuma punje kumi upande wangu, alichapwa mkono kama mtoto wa chuo cha Kurani. Machungwa ya Muheza yalipoingia sokoni, Felista alisema moja kwa siku, nilile kwa kutafuna, nisilikamue. Mama mkwe akaliweka kapu chini ya kitanda chake na kunipa moja kila saa kumi kama mtu anayelipa mshahara. Tulialikwa harusi, akaenda na kikombe ndani ya mkoba. Mwanamke mmoja alimcheka mbele ya sinia la pilau.

"Bi Mwanahamisi, siku hizi unatembea na kikombe? Unaomba?"

"Nyie mmepika pilau," alijibu akipima. "Mie nalinda mguu."

Kosa jingine nilifanya, nalo nikuonye. Nilipoona kichupa kimetoka tofali kuwa rangi ya chungwa, nikapata pupa, nikameza dawa yangu ya jioni bila kula, nikidhani nitafika haraka. Nilitetemeka, nikatoka jasho la baridi, nikasahau jina la wifi yangu, jambo ambalo yeye hajanisamehe. Salimu alinipa maji ya sukari ndipo nikarudi. Felista aliposikia, ndiyo siku pekee aliyokuwa mkali. Dawa na chakula vinakwenda pamoja, alisema, na mtu hapunguzi hiki wala kile bila kuuliza kwanza.

Kusi likavuma, likachoka. Chungwa ikawa njano. Kidonda kikashuka mpaka kifungo cha koti, kisha cha shati. Kwenye benchi kulikuwa na bwana aliyeanza kuuza unga wa mizizi ndani ya chupa za soda, anaapa unamaliza kisukari kwa siku saba. Enzi ya ruksa iliruhusu kila kitu, hata hilo. Wenzangu watatu walinunua na kuacha dawa. Mmoja nilimzika. Mzee Athumani hakununua, alikuwa mjanja mno kwa hilo. Aliendelea kumwambia yule wa simu habari za dagaa na mchicha, sisi tukaendelea kucheka kidogo kidogo, mpaka Alhamisi moja alipokuja kashikwa mkono na binti yake. Macho yalikuwa yamemwacha. Alikaa kwenye benchi akauliza, "Leo kuna nani na nani?" Hakuna aliyemjibu kwa utani. Namsikitikia, lakini ule ujanja wake naudharau, kwa sababu ulikuwa wangu pia, na mimi niliuacha kwa gharama ya kidole kimoja tu.

Miezi mitatu ilipotimia nilikwenda kwa daktari wa upasuaji. Alifungua kitambaa. Kidonda kilikuwa kama kifungo cha gauni la mtoto mchanga, chekundu, kikavu kingoni. Akaangalia faili langu.

"Dawa zangu zimekukubali," alisema.

Mama mkwe alitaka kufungua mkoba amwonyeshe kikombe. Nikamshika mkono. Kuna watu hawastahili kuelezwa.

Vuli ilipoanza kunyesha nilirudi kwenye cherehani. Mguu wa vidole vinne unakanyaga vizuri, ila unachoka upesi, nami nilijifunza kuuangalia kila jioni, juu na chini, kwa kioo kidogo. Alhamisi iliyofuata kichupa kilikuwa kijani. Nilimwambia Felista nataka kumuuliza jambo.

"Kifua chako inchi ngapi? Na kiuno? Na urefu toka begani?"

"Mama, kwani vipi?"

"Nipe vipimo, bibie. Nikuulize mara mbili?"

Alikwenda kuazima futi ya kupimia kwa mtu, akarudi, akanisomea namba kwa kelele, na benchi lote likajua kiuno cha mtaalamu wa lishe. Nikamshonea gauni la kitenge, nikalituma kwa mtu aliyekuwa akisafiri. Wiki mbili baadaye aliniambia limemkaa, ila mikono ni mirefu kidogo. Uso wake sijauona mpaka leo.

Mama mkwe alishafariki. Kikombe chake ninacho, kimepinda mdomo, na Rukia ndiye anayenisukumia siku hizi, kwa kelele nyingi kuliko marehemu.

Sasa simama. Leo kabla hamjanawa mikono, tafuta kikombe kimoja cha bati, mkabidhi yule anayekupenda kuliko wote hapo nyumbani, mwambie akupimie wali kikombe kimoja tu upande wako wa sinia. Kisha mwambie akusukumie mchicha.